Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Kwa mara ya tatu ndani ya msimu huu wa joto nimeambiwa na mtu mwenye akili timamu kwamba kiyoyozi chake "kimeisha gesi", naye amelisema jambo hilo kwa utulivu ule ule ambao watu wa Dar es Salaam hutumia kusema kwamba LUKU imeisha. Mtu huyu, ambaye ni jirani yangu, alikuwa amelipia gesi mwezi Desemba, akalipia tena mwezi Februari, na sasa alitaka ushauri kama aitupe mashine anunue nyingine. Nilimwomba kwanza tuliweke kando neno "kuisha", kwa kuwa ndilo lililomgharimu fedha zote hizo.

Gesi ya kiyoyozi ni kimiminika chepesi kuchemka, kilichofungiwa ndani ya mabomba ya mashine ili kibebe joto la chumbani na kulitoa nje. Kikiwa ndani huchemka na kunyonya joto, kompresa hukikandamiza, na kikifika nje hulitoa joto hilo, hurudi kuwa majimaji, kisha huzunguka upya. Hakichomwi na hakigeuki kuwa kitu kingine. Kiasi kilichotiwa kiwandani, ambacho kwa mashine ndogo za BTU 9,000 au 12,000 mara nyingi hukaribia kilo moja au hupungua hapo, ndicho kinachopaswa kuwamo hata siku mashine inapouzwa chuma chakavu.

Lawama nyingi naliwekea neno lenyewe. "Gesi" limetufikia kupitia Kiingereza, lakini aliyelitunga ni tabibu wa Brussels, Jan Baptist van Helmont, na maandishi yake yalichapwa mwaka 1648, miaka minne baada ya kifo chake. Alichoma ratili 62 za makaa, akabakiwa na ratili moja ya majivu, na zile 61 zilizotoweka akazipa jina alilolichukua katika neno la Kigiriki "khaos", yaani vurugu isiyo na umbo. Neno hili, basi, lilizaliwa juu ya makaa yanayoungua, na kwetu lilizoeleka majumbani kwa njia ya mtungi wa kupikia, ambao kweli huwaka na kweli huisha. Mtu aliyezoea kubadilisha mtungi jikoni hana sababu ya kushangaa akiambiwa kwamba na ule ukutani unahitaji kujazwa, hasa akimwona fundi naye amebeba mtungi. Ubaya ni kwamba jina hilo hata halitoshi, kwa kuwa katika sehemu ya mzunguko wake hiyo tunayoiita gesi ni majimaji matupu.

Kiswahili kinatenganisha vizuri sana kuisha na kuvuja, nasi tunauacha utajiri huo bure. Kitu kikiisha hakuna wa kuulizwa, kwani kimetumika. Kikivuja, pana tundu mahali fulani, na asiyelitafuta atajaza tena. Wahenga walisema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Katika habari hii ni nafuu ya fundi, ambaye hurudi kila baada ya miezi miwili kuongeza gesi ambayo anajua kuwa haitakaa. Sisemi kwamba mafundi wote ni walaghai, kwa maana wengi wao wamelipokea neno hili kama tulivyolipokea sisi, na mteja naye huona afadhali alipie mtungi kuliko saa mbili za kutafuta tundu.

Zaidi ya hayo, chumba kutopoa si ushahidi kwamba gesi imepungua. Chujio lililoziba vumbi hupunguza hewa inayopita kwenye koili ya ndani (mabomba yaliyokunjwa ambamo gesi hupita), koili ikapata ubaridi kupita kiasi, barafu ikaganda; gesi ikipungua, barafu huganda vile vile, kwa sababu shinikizo limeshuka. Anayeona barafu na kuagiza gesi papo hapo amebahatisha. Feni ya nje inayozunguka kwa uvivu, kapasita iliyokufa (kifaa kinachosaidia mota kuwaka, cha bei ndogo kuliko ujazaji mmoja wa gesi), koili ya nje iliyojaa uchafu, au umeme mdogo wa saa za jioni, vyote humfanya mwenye nyumba aseme gesi imeisha. Kujaza gesi, kwa hiyo, si sehemu ya servisi. Servisi ni kusafisha na kukagua, na fundi anayeongeza gesi kila servisi anakiri bila kujua kwamba hajaziba kitu.

Swali la kutengeneza au kununua mpya hujibiwa na mahali tundu lilipo. Likiwa kwenye nati zinazounganisha mabomba na mashine ya nje, ambako povu la sabuni hulionyesha mara moja na madoa ya mafuta hulitangulia, kutupa mashine ni hasara tupu. Lizibwe, mabomba yatiwe naitrojeni kupima kama bado yanavuja, hewa na unyevu vitolewe kwa pampu, kisha gesi itiwe kwa mizani kufuata kibandiko cha mashine. Likiwa ndani ya koili iliyoliwa na chumvi, jambo la kawaida kwa nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari, mashine ya bei nafuu mara nyingi haistahili gharama hiyo: koili mpya ni ghali, tena huenda isipatikane, na ya alumini ni ngumu kuchomelea. Kibandiko kikiwa kimeandikwa R-22, aina ya zamani ya gesi hii, mimi nisingetengeneza tundu kubwa hata kidogo, kwani gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal nchi zinazoendelea zinaiacha ifikapo 2030, isipokuwa kiasi kidogo cha kuhudumia mashine za zamani. R-410A, aina nyingine ya gesi ya viyoyozi, haili ozoni, lakini kilo moja ikivuja huongeza joto la dunia sawa na takriban tani mbili za hewa ukaa. Ndiyo sababu gesi za jamii yake ziliwekewa mpango wa kupunguzwa pale Kigali mwaka 2016. Anayejaza kila miezi miwili bila kuziba huimwaga angani kidogo kidogo, kwa fedha zake mwenyewe.

Jirani yangu alitafuta fundi mwingine, akamwomba aje na sabuni kabla ya mtungi. Povu lilitokea kwenye nati ya bomba nene, nje, mahali ambapo mkono unafika bila ngazi. Jioni alinipigia simu kwa furaha.

"Kumbe gesi ilikuwa inaisha kwa sababu ya nati!"

"Ilikuwa inavuja, jirani," nikamwambia.