Gari linakula tairi: kabla ya kununua jipya, kagua shokapu na bushi

Mvua zikianza hapa Mwanza, lalamiko huwa lile lile: "Afande, hili tairi nimefunga juzi tu, unaniandikia kosa gani?" Mwenye gari anaonyesha upande wa nje, na kweli upande wa nje una meno mazuri. Sisi askari wa usalama barabarani tukiinama na tochi, tunakuta upande wa ndani umekwisha hadi nyuzi za waya zinachungulia. Tairi la namna hiyo ni kipara hata kama risiti yake ina miezi minne.

Naandika hasa kwa wenye magari ya mbio ya zamani, yaani Altezza, Impreza WRX, Celica, Skyline na wenzao. Altezza ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 2005. Zimeingia nchini zikiwa zimetumika, zikapita mikono mitatu au minne, na wengi wanaozimiliki leo ni vijana wanaozipenda kwa dhati. Upendo huo tunauona kwenye rangi, kwenye rimu na kwenye muziki. Chini ya gari hatuuoni.

Tairi husema ugonjwa wa gari kwa namna linavyoisha. Likiisha katikati, upepo umezidi. Likiisha kingo zote mbili, upepo ni mdogo. Likiisha upande wa ndani peke yake, gurudumu limelala au limepinda mwelekeo. Pitisha kiganja juu ya meno kwenda ndani, kisha kirudishe nje: kama njia moja mkono unateleza na nyingine unakwaruzwa kama na msumeno, matairi hayatazami mbele sawasawa, yanaburuzwa kwa pembeni kila mita ya safari. Ukikuta mabonde mabonde kuzunguka tairi, pamechimbika hapa na pameinuka pale, na gari linavuma kama beringi mbovu, mshukiwa wa kwanza ni shokapu, ingawa tairi lisilo na balansi nalo huweza kuleta hali hiyo.

Kuhusu shokapu inabidi nirudie jambo ambalo tumelisema mara nyingi. Shokapu haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Kazi ya shokapu ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka baada ya tuta: ndani yake kuna pistoni inayosukuma oili kupita kwenye matundu madogo, na ule mrusho wa springi unageuka kuwa joto. Oili ikivuja au vali zikichoka, springi inabaki bila wa kuishika, na tairi linaruka na kutua, linaruka na kutua. Linapotua ndipo linapochimbika. Linapokuwa hewani haliwezi kushika breki wala kufuata usukani, na ABS, ule mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukishika breki, haina la kulisaidia, kwa sababu breki hufanya kazi pale tu tairi linapogusa lami.

"Lakini shokapu zangu hazivuji." Jibu hili tunalisikia karibu kila siku. Shokapu inaweza kuwa kavu kabisa kwa nje na imekufa kwa ndani. Kuligandamiza gari kwenye kona na kuliachia husaidia kiasi: likiyumba zaidi ya mara moja kabla ya kutulia, shokapu imechoka. Ila kwenye gari la mbio lenye springi ngumu kipimo hicho hudanganya, maana gari halibonyei hata shokapu ikiwa mbovu. Sikiliza mwendo badala yake. Ukipita kwenye rasta na mkia ukahamia pembeni, au ukishika breki na pua ikazama chini sana, mpelekee fundi alinyanyue.

Jiografia yetu nayo haihurumii. Barabara za mawe zinazopanda vilima vyetu zimewasaidia sana wananchi, lakini kila jiwe ni pigo dogo kwenye bushi, yaani mipira inayokaa kwenye maungio ya mikono ya magurudumu, na kwenye boljointi, viungo vinavyoruhusu gurudumu kugeuka. Altezza yenye rimu za inchi 17 huvaa tairi la 215/45, ambalo ukuta wake ni mfupi, chini ya sentimita 10. Pigo ambalo tairi nene lingelimeza linapita moja kwa moja hadi kwenye bushi zenye umri wa zaidi ya miaka 20. Bushi ikilegea, gurudumu linahama mahali pake gari likiwa kwenye mwendo, hata kama likisimama linaonekana limenyooka.

Hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Mtu anafanya alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu kwa mashine, juu ya bushi zilizokufa, analipa, na baada ya mwezi tairi limeliwa tena, kisha anamlaumu mwenye mashine. Mashine hupima gari kama lilivyosimama siku hiyo, haiwezi kukaza kilicholegea. Utaratibu ni huu: kwanza bushi, boljointi na tairodi (fito zinazounganisha usukani na magurudumu), kisha shokapu, na hizo zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli moja, kamwe isiwe moja, halafu alaimenti, mwisho kabisa tairi jipya. Na tafadhali, balansi si alaimenti. Balansi inaondoa mtetemo kwa kuweka vipande vya uzito kwenye rimu, basi. Haigusi mwelekeo wa gurudumu.

Kukata springi ili gari lilale chini ni tatizo kubwa zaidi. Gari likishuka, magurudumu yanalala kwa juu kuelekea ndani na mwelekeo wake unabadilika, kwa hiyo tairi linaliwa ndani. Shokapu inabaki na nafasi ndogo ya kutembea na kugonga mwisho wake kila tuta. Springi iliyokatwa inaweza hata kuchomoka kwenye kikalio gari linaponyanyuka. Wapo wanaogeuza tairi kwenye rimu ili upande ulioliwa ukae nje na upande mzima uende ndani. Kama tairi lina mshale wa mwelekeo au limeandikwa upande upi ukae nje, kuligeuza hivyo ni kulifunga kinyume, na ugonjwa uliolila mwanzo bado upo.

Wenye Impreza na magari mengine yanayovuta magurudumu yote manne, msifunge matairi mawili mapya na mawili ya mtumba. Tofauti ya mzingo inafanya difu ya katikati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, ifanye kazi muda wote, ipate moto, hatimaye ife. Difu hiyo inaweza kuwa ghali kuliko matairi manne.

Upepo upimwe tairi likiwa la baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kikisema kPa 230, hiyo ni kama PSI 33. Kujaza 45 kwa kuamini kwamba mafuta yatapungua si ujanja. Na tangu Daraja la JP Magufuli lifunguliwe Juni 2025, safari ya Sengerema na Geita haikatishwi tena na foleni ya kivuko, kwa hiyo tairi lenye upepo mdogo hukimbia muda mrefu bila kupumzika, na huko hupata joto hadi likapasuka.

Sasa utaratibu. Tairi lina vinundu vidogo ndani ya mifereji yake, vyenye kimo cha milimita 1.6, meno yakishuka hadi usawa wa vinundu, sehemu yoyote ile ya upana, libadilishe. Kosa likiandikwa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, faini ya kawaida ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Utapewa namba ya malipo ya serikali, ile mnayoita kontroli namba, ulipie benki au kwa simu. Usimpe askari fedha taslimu. Ukipitisha siku 7 bila kulipa, deni hupanda kwa asilimia 25, kwa hiyo 30,000 inakuwa 37,500. Kulipa hakulifanyi gari kuwa zima: ukikamatwa kesho na tairi lile lile, ni kosa jingine. Stika ya Nenda kwa Usalama nayo inasema gari lilikuwaje siku lilipokaguliwa, haizuii kukaguliwa tena. Ikitokea ajali, hali ya matairi na shokapu huandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi, na wa bima huisoma.

Gari likiwa bovu kiasi cha kufunguliwa namba, yaani tukaondoka na vibao vyake vya namba, lisiendeshwe kwenda gereji. Livutwe au libebwe. Likishatengenezwa, njoo nalo siku ya kazi, mapema, ukiwa na kadi ya gari na karatasi ya vipimo vya alaimenti, ya kabla na ya baada. Tutalinyanyua, tutatikisa kila gurudumu kwa juu na kwa pembeni, na tutapapasa tairi upande wa ndani. Kama hakuna kinachocheza, utaondoka na namba zako.