Saiti ya paka wa mtaa: kabla ya logo, pesa inaingia kwa nani?

Kazi yangu ni kutengeneza saiti, na tangu majirani zetu hapa Mji wa Kale Mombasa wafungue yao ya kuchangia paka wa mtaa naulizwa sana na watu wa mitaa mingine, nao wanataka. Wote huanza na rangi, logo, na picha ya paka yule mwenye macho makubwa. Mimi nauliza pesa itaingia kwa nani, hapo kimya.

Namba ya mtu binafsi usiweke, hata kama ni Bi Mkubwa anayeaminika mtaa mzima, manake laini ikipotea au akisafiri michango ndo basi, na jina linalotokea kwenye meseji ni lake yeye. Jisajilini kikundi kwanza. Sheria ya 2022 ya vikundi vya kijamii inataka watu wasiopungua 10, kwa mtaa ni rahisi tu, halafu na cheti chenu mnafungua akaunti benki ya sahihi tatu, mnaunganisha na Paybill, ile namba ya kulipia kwa M-Pesa.

Kwa nini Paybill na si Till? Till, ile namba ya kulipia dukani, haina pale pa kuandika akaunti namba, na hapo ndo utamu wote upo. Kuna paka shume mmoja wa rangi ya machungwa, kichwa kama dafu, anashinda barazani kwa mvuvi, wamemuita Nahodha. Ukitaka kumlipia yeye unaandika NAHODHA kwenye akaunti namba, pesa inasomeka kwa jina lake na kiasi kwenye ukurasa wake kinaongezeka hapo hapo. Shida watu wanaandika NAODHA, NAHOZA, mmoja kaandika PAKA MNENE, kwa hivyo programu nimeifunza kukubali makosa ya kawaida na jina lisiloeleweka linaingia fungu la wote. Kwa walio Dubai na Muscat weka njia ya kadi, makato yapo lakini bora uyaandike wazi wajue.

Sasa ukurasa wa paka uwe na nini. Picha ya kabla, risiti ya daktari wa mifugo, na picha ya baada, sikio likionekana limekatwa ncha kidogo. Hiyo ncha hukatwa akiwa bado amelala kwa dawa ile ile ya upasuaji, na ndo alama ya kwamba huyu ashahasiwa au ashafungwa kizazi, asije akashikwa tena bure. Mchangiaji akiliona lile sikio hana maswali. Picha ya chakula haifanyi hivyo, na kusema kweli mimi sipendi saiti za chakula peke yake, paka jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne mitano tu, mimba yenyewe kama miezi miwili, ukilisha bila kufunga kizazi mwakani unachangisha kwa ajili ya wajukuu.

Kitu ambacho majirani wenyewe walikidai, na ni kizuri kuliko vyote nilivyowawekea, ni tangazo la juu kabisa: LEO USIKU MSILISHE. Paka wa kupasuliwa anatakiwa tumbo tupu, tena mwenye njaa ndo anaingia mtegoni akisikia harufu ya samaki, sasa kuna mama anamwaga matumbo ya samaki kila magharibi, asipoambiwa mtego unakesha mtupu.

Picha punguzeni, jamani. Ya simu inakuja na MB tatu nne, mtu ana bando la shilingi ishirini, ishushe chini ya KB 200. Na majina ya wachangiaji msiyaanike yote na namba za simu, kuna sheria ya kulinda data za watu ya 2019, jina la kwanza na kiasi yatosha.

Watasema ati binadamu hawajashiba nyinyi mnachangia paka. Pwani hii nani hajasikia hadithi ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie? Msibishane, bandikeni stetimenti ya mwezi, hata mwezi ambao haikuingia kitu.

Halafu domeni, yaani lile jina la saiti watu wanaloandika kuifungua. Kama aliyewalipia ni kijana wa saiba, muulizeni leo hii imeandikishwa kwa jina la nani na imeili gani, na inaisha lini.