Usawazishaji wa alama: unarekebisha nini, na nini hauwezi

Usawazishaji wa alama ni hesabu inayofanywa baada ya karatasi kusahihishwa na kabla ya matokeo kutoka, ili alama za mwaka huu ziwe na uzito sawa na za miaka ya nyuma. Dawa hii ni ya ugonjwa mmoja: mtihani uliotoka mgumu au mwepesi kupita kawaida. Masomo yaliyopotea skuli zilipofungwa kwa Korona ni ugonjwa mwengine, na kuuchanganya na ule wa kwanza ndiko kunakozaa mabishano.

Tuchukue mfano wa kubuni wa Hisabati, tuone dawa hii ikitumiwa kwa ugonjwa wa pili. Kwa kawaida wastani ni 48, na mtawanyiko, yaani alama zinavyoachana na wastani, ni 12. Mwaka wa kufungwa wastani umeshuka hadi 42 na mtawanyiko umefika 16, kwa sababu wenye tuisheni wamesonga na wengine wamebaki pale pale. Kila alama inatolewa 42, inazidishwa kwa 12, inagaiwa kwa 16, kisha inaongezwa 48.

Aliyepata 26 anatoka na 36. Kwa madaraja ya kidato cha nne, D inaanzia 30, kwa hiyo ametoka kwenye F. Aliyepata 76 anatoka na 73.5, A inaanzia 75, basi imempita. (Mzee wake atakuwa wa mwanzo kufika skuli kuuliza.)

Hesabu haijui sababu. 26 ya mtoto wa kisiwa cha Kojani, Pemba, aliyekosa mwalimu na 26 ya mtoro wa Mjini Unguja zote zinakuwa 36.

Ikiteremshwa kwenye skuli moja moja ndiyo inaharibika kabisa. Darasa la watahiniwa tisa halina wastani wa kutegemewa. Mmoja akipata 90 anauvuta wote. Uingereza mwaka 2020 haikufanya mitihani, ikachukua makadirio ya walimu na kuyapitisha kwenye fomula iliyoangalia matokeo ya zamani ya kila skuli. Matokeo ya ngazi ya A (A-level, mfano wa kidato cha sita chetu) yalipotoka tarehe 13 Agosti, karibu asilimia 40 ya madaraja yalikuwa chini ya makadirio. Mwanafunzi hodari wa skuli dhaifu alihukumiwa kwa waliomtangulia. Siku nne baadaye fomula ikaachwa.

Sisi Tanzania tuna kisa chetu, ingawa si cha maradhi: matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalifutwa, alama zikasawazishwa upya na kutangazwa tena Mei 2013. Watahiniwa ni wale wale, karatasi ni zile zile.

Kwa masomo yaliyopotea, marekebisho yafanywe kabla ya mtihani. Mwaka 2020 kidato cha sita walirudi madarasani tarehe 1 Juni na kuanza mtihani tarehe 29, badala ya Mei. Wiki nne si nyingi, lakini ni za kusoma kweli.

Njia nyengine ni kupunguza mada, na hii inataka tangazo la mapema. Walimu hawafuati mpangilio mmoja: skuli iliyoanza na mada ambazo baadaye zinafutwa inakuwa imetumia wiki zake chache kwa kitu kisichoulizwa, huku jirani yake aliyeanzia upande wa pili hakupoteza hata kipindi.