Kaswende kwa mjamzito: sindano ya mke peke yake haitoshi

Malalamiko yanayotufikia hapa Tanga, kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, ni kwamba wakunga wanafuatafuata waume za watu. Mama kaja kliniki na mimba yake, anaambiwa amlete na mwenzake. Naomba nieleze, kwa sababu si umbea.

Siku ya kwanza mjamzito hutobolewa kidole, tone la damu likapimwa VVU na kaswende kwa pamoja. Majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi. Kaswende ikionekana, anachomwa siku hiyohiyo benzathini penisilini yuniti milioni 2.4, kwenye makalio. Dawa ni nzito, nyeupe kama maziwa, inauma. Wapo wanaotoka wakichechemea. Isipojulikana ugonjwa ulianza lini, sindano ni tatu, moja kila wiki, bila kuruka. Tarehe na dozi huandikwa kwenye kadi. Kadi hiyo itunze hata baada ya kujifungua, maana kipimo hiki cha haraka huweza kuonyesha kaswende miaka mingi baada ya kupona. Bila kadi, mimba ijayo tunaanza upya.

Vidonge vya dukani, jamani, hapana! Erithromaisini na azithromaisini hazimfikii mtoto tumboni ipasavyo. Na anayesema dawa ya mizizi ilimponya kidonda, haikumponya. Kidonda cha kaswende hakiumi na hufunga chenyewe. Ugonjwa hubaki kwenye damu. Ndipo mimba huharibika, au mtoto akafia tumboni, au akazaliwa njiti. Nimempokea mmoja ngozi ya viganja na nyayo ikibambuka, na kwenye kadi ya mama sehemu ya kaswende ilikuwa tupu. Hakuwahi kupimwa. Uchungu wake ninao mpaka leo.

Tiba ianze mapema, angalau wiki 4 kabla ya kujifungua, kwa hiyo njooni kabla mimba haijafika wiki 12.

Sasa mume. Mke akitibiwa peke yake, anaambukizwa upya palepale nyumbani, na tiba yote imekuwa bure. Wengine hutuambia, "Mke wangu kapimwa hana kitu, basi nami sina." Majibu ya mke ni ya mke. Mama asiye na mwenza, au ambaye mwenzake kakataa, ahudumiwe vilevile, asirudishwe. Msikutane kimwili mpaka wote mmemaliza dozi na siku 7 zimepita. Na mvuvi wa Sahare aliyekuwa dago, yaani kambi ya uvuvi mbali na nyumbani, wakati mkewe anapimwa, akirudi aje na karatasi ya mwaliko aliyopewa mkewe. Atapokelewa hata akija peke yake.