Je, wajua? Sukari ndiyo inayozishikanisha seli za sifongo wa baharini

Mwaka 1907 mwanabiolojia wa Marekani, Henry Van Peters Wilson, alimkata vipande sifongo mwekundu wa baharini (mnyama sahili anayeishi amejibandika mwambani) aitwaye Microciona prolifera, akavifunga katika kitambaa cha hariri chenye matundu madogo sana, kisha akavikamua ndani ya maji ya bahari. Kilichotoka ni wingu la seli moja moja. Wanyama wengi wangeishia hapo. Seli hizi zilitua chini, zikaanza kujongea, zikagusana na kung'ang'aniana, hatimaye wakapatikana sifongo wadogo wapya.

La kushangaza zaidi ni hili: ukizichanganya na seli za sifongo wa manjano, hujitenga zenyewe. Vibonge vyekundu huku, vya manjano kule. Seli haina macho wala pua, sasa inamtambuaje mwenzake?

Fununu muhimu ilipatikana mwaka 1963. Mwanabiolojia Tom Humphreys aliwaloweka sifongo katika maji ya bahari yaliyoondolewa kalsiamu na magnesiamu, na seli zikaachana, zikaacha majini kitu fulani. Alipokirudisha pamoja na kalsiamu, zikashikana tena. Kitu hicho ni molekuli kubwa mno ya protini na kabohaidreti, yaani sukari. Ile ya Microciona, ikitazamwa kwa darubini zenye nguvu sana, ina umbo la pete iliyozungukwa na mikono, mfano wa jua na miale yake.

Kazi yenyewe hufanywa na minyororo ya sukari iliyopachikwa kwenye protini hizo. Iko ya aina mbili. Mifupi huinasa molekuli kwenye seli. Mirefu hushikana na mirefu ya molekuli ya jirani, sukari kwa sukari, na hapo ndipo kalsiamu inapohitajika. Mshiko mmoja ni dhaifu kabisa, ila ipo mingi kwa pamoja. Mwaka 1995 watafiti walipima nguvu kati ya molekuli mbili tu, wakakuta inaweza kufika pikonyutoni 400 (pikonyutoni ni kipimo cha nguvu ndogo mno), inayotosha kubeba uzito wa seli zipatazo 1,600 zikiwa majini!

Kwangu mimi, jaribio zuri kuliko yote ni la mwaka 2004. Watafiti walizipaka shanga ndogo sana sukari za sifongo wa spishi mbalimbali. Shanga hazina uhai, wala hazikuwa na zile protini kubwa, lakini zilijipanga kwa kufuata spishi kama seli zenyewe. Tumezoea kuihesabu kabohaidreti kuwa chakula cha mwili na kuziachia protini kazi ya utambuzi, kumbe sukari nayo ina uwezo wa kutofautisha wa kwetu na mgeni.

Na kwa sifongo utambuzi huo si jambo dogo, kwa maana huishi wamebanana miambani wakigombea nafasi. Seli za sifongo zikishikamana ovyo na za jirani, mwili wake utavamiwa.