Wati za kwenye boksi na wati za kwenye spika

Katika nyumba nyingi za Ngamiani hapa Tanga, amplifaya hukaa sebuleni juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na mwenye nyumba akiulizwa habari zake hutaja wati kabla ya jambo lingine lolote. Dhana potofu ya kwanza imo humo humo: kwamba amplifaya ya wati 100 hutoa sauti maradufu ya ile ya wati 50. Ukweli ni kwamba kuongeza wati mara mbili huongeza desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua bila kuistaajabia; ili sauti isikike kubwa maradufu, yaani takriban desibeli 10 zaidi, nguvu lazima iongezwe mara kumi. Kuhusu maboksi yanayotangaza maelfu ya wati, geuza mashine usome kibandiko cha nyuma: chombo kinachovuta wati 60 kutoka ukutani hakiwezi kutoa wati 1,000 mfululizo, hata muuzaji aape.

Wengi huamini pia kwamba amplifaya ndogo haiwezi kuunguza spika kubwa. Nami niliamini hivyo, mpaka siku ya arusi ya nyumbani kwetu nilipounguza tuita mbili (vispika vya ndani vya sauti nyembamba) za spika zilizoandikwa wati 100 kwa amplifaya ya wati 25. Amplifaya ikisukumwa kupita uwezo wake, vilele vya mawimbi hukatwa vikawa bapa, nguvu ya wastani hupanda, na sehemu kubwa kuliko kawaida huelekea kwenye sauti nyembamba, ambako tuita hutegemea koili ya waya mwembamba mno. Sauti ilianza kukwaruza mapema. Sisi tukadhani ni utamu wa muziki. Tena, volyumu kuwa katikati si ushahidi kwamba nusu ya nguvu imebaki, kwa sababu chanzo chenye mawimbi makubwa huweza kuifikisha amplifaya kikomoni kabla ya hapo.

Kuongeza spika nako si bure. Spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) zikiungwa sambamba kwenye tundu moja huwa mzigo wa omu 4, na amplifaya isiyotengenezwa kwa mzigo huo hupata moto na kukata fyuzi. Anayeziba pengo la fyuzi kwa karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara ameondoa mlinzi, si tatizo.

Waliorithi santuri za Black Star au Lucky Star, vikundi vya taarabu vya hapa Tanga, hudhani mashine ya santuri imekufa pale inaponong'ona tu. Sindano hutoa milivolti chache, ilhali kicheza CD hutoa karibu volti 2. Kwa hiyo santuri inahitaji tundu lake maalumu, ambalo pia hurudisha besi iliyopunguzwa wakati wa kurekodi. Besi ikipwaya kwenye spika zote mbili, angalia kwanza kama waya nyekundu na nyeusi za spika hazikupishana upande mmoja.

Na kile kitambaa, kinachosemekana kuzuia vumbi, huziba matundu ya kupitishia joto. Kiondolewe kabla ya kuwasha. Adui mwingine hapa pwani ni upepo wa chumvi, unaoiotesha shaba kutu ya kijani. Zima umeme, kata sentimita 2 za ncha ya waya iliyoliwa, menya upya, kisha kaza.