Triga za bastola za straika: cha kuangalia kabla ya uzito

Wamiliki halali wa silaha na wasimamizi wa makampuni ya ulinzi hutuuliza swali moja kuliko mengine yote: bastola ipi ina triga nyepesi, na je, wepesi huo ni hatari? Swali lenyewe si baya, ila linaanzia katikati ya safari. Bastola mbili zinaweza kuwa na triga za uzito uleule, tuseme kilo mbili na nusu, na ndani yake kazi inayofanywa na kidole ikawa tofauti kabisa. Kwa hiyo sisi huanza na swali jingine. Bastola ikiwa imetulia kwenye holsta, risasi iko chemba, springi ya kufyatulia imebanwa kiasi gani? Na ni kitu gani kinachoizuia isiachie?

Wasomaji wa magazeti ya Kenya wamezoea kukutana na maneno “bastola aina ya Ceska”. Mashuhuri katika jamii hiyo, CZ 75, ni bastola ya nyundo: nyundo huonekana nyuma ya slaidi, na ukiitazama tu unajua imekokiwa au imelala. Bastola ya straika haina nyundo. Pini ya kufyatulia, ndiyo hiyo straika, imefichwa ndani ya slaidi pamoja na springi yake, na ndiyo inayokwenda moja kwa moja kugonga fataki ya risasi. Huoni chochote kwa nje. Ndiyo maana mwenye silaha ya aina hii ana wajibu mkubwa zaidi wa kujua kinachoendelea ndani.

Tuanze na Glock 17, ambayo jeshi la Austria liliichukua mwaka 1982. Ukivuta slaidi na kuiachia, straika haikokiwi yote. Springi yake hubaki imebanwa nusu njia. Kidole ndicho humalizia. Weka kidole kwenye triga na utahisi kwanza kijibapa chembamba katikati yake kikizama. Kisha triga inarudi nyuma kwa ulaini, inafika mahali inagoma kidogo, halafu inaachia. Katika mwendo huo mmoja mambo matatu yametokea: kizuizi cha pini kimesukumwa juu, straika imevutwa nyuma kumalizia kukokiwa, na mwishoni ndoana iliyoishika imeshushwa ili iende. Ukiachia triga taratibu, baada ya milimita chache utasikia mlio mdogo wa “tik”. Hapo imejipanga tena.

Wazo la kuacha kazi ya mwisho kwa kidole ni kongwe kuliko wengi wanavyodhani. Roth-Steyr ya 1907, bastola ya wapanda farasi wa himaya ya Austria na Hungaria, ilifanya vivyo hivyo. Farasi akishtuka, mkono wa mpandaji hujikunja bila yeye kutaka, na wabunifu walihitaji triga inayodai mvuto mrefu wa makusudi.

Hapa nisimame kidogo kwenye kile kijibapa cha katikati, kwa sababu kinaeleweka vibaya, na kutoeleweka huko kunaumiza watu. Kazi yake ni kuzuia triga isijirudishe nyuma kwa uzito wake yenyewe silaha inapoanguka au kugongwa. Hakikulindi na kidole chako. Hakikulindi na pindo la shati lililoingia kwenye holsta, kamba ya koti, wala kidole cha mtoto. Chochote kinachobonyeza uso wa triga hubonyeza na kijibapa pamoja nao. Anayesema “bastola yangu ina sefti kwenye triga, kwa hiyo naweza kuiweka popote” amejipa ulinzi ambao mtengenezaji hakumpa.

Kundi la pili ni la bastola ambazo straika yake hukokiwa yote, au karibu yote, slaidi inaporudi mbele. Humo mna Walther PPQ ya 2011, VP9 ya Heckler & Koch na SIG P320 za 2014; Smith & Wesson M&P ya 2005 imo jirani kabisa. Tofauti yake na Glock ni ya upinde uliovutwa hadi mwisho na ule uliovutwa nusu: kwa huu wa kwanza, mpigaji hana cha kuongeza, ana kuachia tu. Ndiyo maana wapiga shabaha wanazipenda. Triga husafiri kidogo, huachia kwa usafi, na bastola haitikisiki. Lakini nguvu ya kulipua risasi tayari imo ndani, yote. Usalama wote unategemea ndoana inayoishika straika na kizuizi kilicho mbele yake.

Kisa cha P320 kinafundisha zaidi ya maelezo yoyote. Januari 2017 jeshi la Marekani liliichagua kuwa bastola yake mpya, M17, ikiwa na sefti ya kidole gumba. Agosti mwaka huohuo, majaribio ya watu binafsi yalionyesha kwamba P320 za kiraia zikiangukia nyuma ya slaidi kwa pembe fulani zinaweza kufyatuka. Hakuna kilichokatika. Kizuizi cha pini kilikuwepo. Tatizo lilikuwa kwamba triga yenyewe ilikuwa na uzito wa kutosha kuendelea kusafiri wakati bastola imesimamishwa ghafla na sakafu. Ikasafiri hadi mwisho, ikainua kizuizi na kuachia straika, sawasawa na vile kidole kingefanya. Haikuwa na kijibapa cha kuizuia. Kampuni ilitangaza marekebisho ya hiari bila malipo: triga nyepesi kwa umbo, straika na ndoana zilizopunguzwa uzito, na kitenganishi cha ziada, yaani kipuri kinachoitenga triga na straika slaidi ikiwa haijafunga sawasawa. Mwenye P320 ya miaka hiyo ya mwanzo aulize kama yake imefanyiwa marekebisho hayo.

Sasa uzito. Polisi wa jiji la New York waliamua tangu miaka ya 1990 kwamba dawa ya ajali ni triga nzito. Glock zao zikafungwa springi maalumu iliyopandisha mvuto hadi pauni 12 hivi, yaani zaidi ya kilo tano. Glock 17 yenye risasi zote haifiki kilo moja. Unavuta kwa nguvu zaidi ya mara tano ya uzito wa kitu ulichoshika, na hicho kitu lazima kicheze. Agosti 2012, nje ya jengo la Empire State, polisi wawili walifyatua risasi 16 kumzuia mtu aliyekuwa ametoka kuua. Wapita njia 9 walijeruhiwa kwa risasi au vipande vyake. Msongamano na hofu vilikuwa na sehemu yao, na siwezi kuibebesha triga lawama yote. Hata hivyo mjadala ulirudi kwake, na mwaka 2021 idara hiyo ilianza kuwapa askari wapya triga ya takribani nusu ya uzito ule.

Los Angeles walipitia upande wa pili. Idara ya sherifu ilipohama kutoka Beretta 92, yenye nyundo, sefti na mvuto mrefu wa kwanza, kwenda M&P isiyo na sefti ya mkono, milio ya bahati mbaya iliongezeka kiasi cha mkaguzi mkuu kuandika ripoti mwaka 2015. Baadhi ya milio hiyo ilitokea askari akijaribu kuwasha tochi iliyofungwa kwenye bastola, akaminya na triga. Silaha ilibadilishwa, mazoea ya mikono yalibaki ya silaha ya zamani. Kwa maoni yangu, kampuni ya ulinzi inayobadilisha bastola bila kuwarudisha walinzi wake kwenye mafunzo inarudia jambo lilelile.

Kuhusu mafundi wanaojitolea “kulainisha” triga kwa kusugua ndoana au kukata springi: tafadhali kataa. Sehemu hizo zinashikana kwa eneo dogo sana, na ulaini unaouhisi leo ndio ushikaji uliopotea. Ukinunua bastola iliyotumika, ipeleke kwa fundi mwenye leseni aangalie kama vipuri vyake ni vya kiwandani.

Na kabla ya kuifungua kuisafisha, jua ya kwako inafunguliwaje. P320 na M&P zinaweza kufunguliwa bila kugusa triga. Glock inadai uivute triga kwanza. Kwa hiyo toa magazini, ndipo uvute slaidi, mara zaidi ya moja. Kisha ifunge wazi, tazama chemba kwenye mwanga, uingize na ncha ya kidole uhisi kwamba ni tupu. Elekeza mtutu kwenye ndoo ya mchanga, si ukutani mwa chumba ambacho upande wa pili wamelala watu. Rudisha slaidi mbele, na hapo ndipo uvute triga.